Kidonge cha Saa Nane

Hakikuwa sumu. Nakuambia wewe uliyeanza kazi juzi, uliyesimama kwenye chumba cha dawa ukawaambia wenzako kwamba zamani hapa Tabora tulikuwa tunawapa watoto vidonge vya madereva, vile vya kufukuza usingizi, na kwamba ni bahati tu hatukuua mtu. Nilikuwa nje ya dirisha nimekuja kuchukua dawa yangu ya macho. Macho ndiyo mabovu, masikio hayana tatizo. Ningeingia tungeshikana mashati, na mimi si mtumishi wa pale tena, kwa hiyo nikarudi zangu Ipuli, nikatafuta kalamu nene, naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Utasoma mpaka mwisho, wewe na wenzako waliocheka.

Nilistaafu sijatimiza umri wa miaka arobaini. Watu wakisikia mtu amestaafu mapema hivyo wanadhani amefukuzwa. Sikufukuzwa. Siku nilipoiona 3 nikaisoma 8, niliweka chupa chini, nikaenda kusema mwenyewe. Vyeo sitavitaja, mshahara ndiyo kabisa, maana haukuwa na hadithi ndefu. Nitasema kazi.

Nilianza na ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sijawahi kukaa darasani hata siku moja, nikaajiriwa kuosha chupa. Zamani zile mgonjwa alikuja na chupa yake ya kuwekea dawa ya maji. Wengine walileta chupa ya soda, wengine ya pombe, na wengi wao chupa ya mafuta ya taa. Hiyo ya mafuta ya taa huioshi mara moja ukaridhika. Unaisugua kwa majivu, unamwaga, unatia maji ya moto, unamwaga, unanusa. Ukinusa ukabaki na shaka, unaanza upya.

Siku ya kwanza mimi nilinusa, nikawa na shaka, nikaipanga kwenye rafu hivyo hivyo kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika. Bwana Hamisi, mtoa dawa wetu, akaichukua chupa ile ile. Sijui aliijuaje. Akaijaza maji safi, akanipa.

"Kunywa."

"Sina kiu, Bwana Hamisi."

"Mgonjwa naye hana kiu. Kunywa."

Nikanywa. Mchana kutwa nilicheua mafuta ya taa. Hakunigombeza wala hakumwambia mtu. Tangu siku ile mtu akimsema vibaya Bwana Hamisi mbele yangu alikuwa ananitafuta mimi, na wapo walionipata.

Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, kanzu chini na koti la hospitali juu. Babu yake alikuja Tabora na msafara kutoka Ujiji, mzigo begani, na yeye alikuwa anasema kazi ya ukoo haijabadilika. "Mimi mpagazi," alikuwa anasema. "Napokea mzigo kwa Daktari, naufikisha mdomoni kwa mgonjwa. Mpagazi hapunguzi mzigo njiani, na wala haongezi."

Kusoma nilijifunza kwenye lebo. Nilikuwa nikibandua lebo za zamani kwenye chupa, na kabla haijalowa yote naiangalia. Hii ya kikohozi inaanza hivi, hii ya tumbo inaanza vile. Nikimwuliza Bwana Hamisi ananijibu, nisipomwuliza hanifundishi. Baada ya miaka michache nilikuwa nasoma jina la mgonjwa, jina la dawa na vipimo, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa makarani. Ndipo wakanipa kalamu niandike lebo. Jinsi nilivyotoka kwenye ndoo kwenda kwenye kalamu nitairuka. Ila naomba ujue jambo moja, maana ndilo lililoniponza. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana mashimo ambayo hayaonekani. Aliyesoma shule anajua alikoishia. Mimi sikujua nilikoishia, na kuuliza nilikuwa nimeanza kuona aibu, kwa sababu watu walishazoea kusema Mwajuma anajua.

Sasa vidonge. Vilikuwa vyeupe, vidogo, na vilikaa kwenye kabati lenye funguo mbili: moja kwa Daktari, moja kwa Bwana Hamisi. Askari waliorudi vitani walivijua. Madereva wa malori walivijua zaidi. Mmoja, aliyekuwa akibeba pamba kutoka Choma, alikuja dirishani akaegemea kama nyumba ya shangazi yake.

"Dada, nipe vile vya kuona njia."

"Njia iko pale nje. Iangalie."

"Basi viwili tu."

"Hata kimoja. Mwenzako aliyevipata mtaani tulimshona hapa kichwa. Amekaa siku tatu hajalala, akakwepa ng'ombe barabarani, na ng'ombe hawakuwepo."

Akaondoka akinitukana, nami nikamsindikiza na yangu mpaka getini. Kwa hiyo usinifundishe ubaya wa vidonge vile, kijana. Niliujua kabla hujaanza kuota meno.

Nyamizi aliletwa na mama yake kwa treni kutoka Usoke. Alikuwa na miaka tisa. Wazazi wake ni wakulima wa karanga, watu wa kanisa la Moravian, wapole kabisa, na katikati yao ndimo alimokuwa huyu mtoto. Nusu saa aliyokaa kwenye benchi letu alikuwa ameshagusa kila jiwe la mizani, amefungua mtungi, amemwuliza mzee mmoja kwa nini mguu wake unanuka, na jibu hakungoja. Hakuwa mjinga wala mkorofi. Alikuwa kama mtu anayeitwa na watu kumi kwa wakati mmoja, naye anataka kuwaitikia wote.

Shuleni alikuwa akisimama katikati ya somo na kutoka. Treni ikipiga honi, tayari yuko relini. Mwalimu wake aliandika barua, Bwana Hamisi akaisoma kwa sauti: binti ana akili, lakini darasa halifundishiki akiwemo, na asipobadilika kufikia kufunga shule, nafasi yake atapewa mtoto mwingine.

"Baba yake anangoja hilo tu," mama yake aliniambia. "Anasema jembe halihitaji mtu atulie. Akishamtoa mwanangu shule, hamrudishi tena. Namjua."

Daktari, Mzungu mmoja mrefu aliyekaa Tabora miaka mingi na Kiswahili chake cha kuvuta, alimtazama Nyamizi safari tatu kabla hajaamua kitu. Alisikiliza moyo wake, akampima uzito, akauliza kama katika ukoo yupo aliyeanguka akafa ghafla kwa moyo, kama mtoto anapata kifafa, kama analala vizuri. Alilala vizuri; lilikuwa ndilo jambo pekee alilofanya kwa utulivu. Kisha akamwita Bwana Hamisi ofisini. Alikuwa amesoma kwenye majarida yake kwamba kidonge kile kile kinachomwamsha mtu mzima aliyechoka kinaweza kumkalisha mtoto wa namna hii.

Bwana Hamisi alirudi akitikisa kichwa. "Anataka kuzima moto kwa mafuta," akaniambia. "Lakini ameniapia kwamba amesoma, na kipimo ni kidogo sana. Tutaona."

Siku ya kutoa dawa foleni ilifika getini. Karatasi ya Daktari ilikuja mkononi mwangu. Imeandikwa kidonge kimoja, 8, halafu herufi mbili ndogo. Chini yake nusu kidonge, 12, na kineno kingine cha Kizungu. Zile herufi ndogo sikuzijua. Kile kineno sikukijua. Bwana Hamisi alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Ningesema tu, "Hii nini?" Sikusema. Nikaziacha kama vile ni uchafu wa kalamu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Kimoja saa 8. Nusu saa 12. Bwana Hamisi akahesabu vidonge, akalinganisha jina, akatia alama yake chini ya lebo, akageukia mwingine.

Nikamsomea mama dirishani. "Kidonge kimoja saa nane, nusu saa kumi na mbili. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Na kweli alisikia.

Wewe unacheka sasa. Mimi sikuliona, na nitakuambia kwa nini. Miaka yote ile, dawa zetu zilikuwa kijiko kimoja kutwa mara tatu. Mgonjwa akinywa jua likichomoza au likiwa utosini, kikohozi hakijali. Hii ilikuwa dawa ya kwanza kupita mkononi mwangu ambayo saa yake ndiyo dawa yenyewe, na hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Wiki mbili baadaye walirudi, asubuhi, na nilimtambua mama kabla sijamtambua mtoto. Nyamizi alikuwa amekonda. Macho mekundu, midomo imekauka. Alikuwa bado anagusa gusa vitu lakini kwa hasira, kisha analia, kisha anagusa tena. Tukampima, uzito umeshuka. Mama hakusema mwangaluka, hakusema habari. Aliweka chupa ya vidonge kwenye dirisha akaisukuma mbele.

"Chukueni dawa yenu. Mtoto halali. Jogoo anawika, macho yake yako wazi. Chakula cha jioni anakitazama kama udongo. Asubuhi anakwenda shule anaanguka juu ya dawati, akiamka ni vurugu kuliko zamani. Mwalimu amesema hangoji kufunga shule. Wiki hii. Nyumbani wanasema nimemtia shetani kwa mkono wangu mwenyewe."

Daktari alikuwa amekuja, amesimama nyuma yetu. Alitazama mtoto, akatazama mizani, akavua miwani.

"Basi," akasema. "Tunaacha. Nilijua itakuwa ngumu. Dawa hii inataka watu wanaofuata maagizo. Hawa watampa mara mbili, mara tatu, akikosa wanaongeza. Hamisi, rudisha kabatini, funga faili."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi damu ilinipanda, na iliponipanda haikumwendea Daktari, ilimwendea mama. Mungu anisamehe. Niliona Bwana Hamisi anaaibishwa kwa sababu ya mtu mmoja wa Usoke asiyesikia.

"Mama, ulikuwa unampa saa ngapi? Sema ukweli. Ulikuwa unaongeza?"

Akainua uso. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Niongeze nini? Nimehesabu kila siku. Saa nane kamili. Tunakaa karibu na stesheni, kila siku naenda kuangalia saa ya ukutani, na yule anayepungia treni bendera amenizoea, akiniona ananiambia bado dakika tano, mama Nyamizi. Saa nane kimoja. Saa kumi na mbili nusu, jua linazama. Hata siku moja sijakosea. Hata Jumapili natoka kanisani."

"Saa nane ya mchana?"

"Kwani wewe ungemwamsha mtoto saa nane ya usiku umpe dawa?"

Nikaichukua chupa. Nikasoma. Ulikuwa mwandiko wangu, mzuri, umenyooka. Saa 8. Saa 12. Ndipo nikaigeuza kichwani, kama unavyogeuza shati ukakuta umevaa nyuma mbele kutwa nzima. Saa ya Daktari huanza kuhesabu katikati ya usiku. Nane yake ni saa mbili yetu ya asubuhi. Kumi na mbili yake ni saa sita yetu ya mchana. Mtoto alitakiwa aamke, anywe uji, ameze, aende shule. Sisi tulimpa anaporudi shule, na tukampa tena anapokaribia kulala. Darasani alikuwa hana dawa hata kidogo. Kitandani alikuwa nayo yote. Na kadiri mama alivyokuwa mwaminifu ndivyo mtoto alivyozidi kuharibika. Angekuwa mzembe kidogo tu, angekosea kwa bahati akampa asubuhi, tungeona nafuu.

Bwana Hamisi naye aliona. Alisoma juu ya bega langu. Kisha akasogea mbele yangu.

"Bwana Daktari," akasema, "faili usifunge. Kosa ni la lebo. Na hii alama hapa chini ni yangu."

Hakuniangalia. Angeishia hapo, kosa libaki lake. Daktari alikuwa ameshamgeukia, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kuweka hasira. Bwana Hamisi alibakiwa na miaka miwili kustaafu. Mimi nilikuwa na kalamu ambayo wanawake wengine pale hawakuwa nayo, nami nilijua nikisema niliandika mimi, lazima niseme pia kwa nini: kwamba sikujua zile herufi ndogo. Mwajuma anajua, kumbe hajui. Nikawaza hayo yote kwa muda wa kumeza mate.

"Ameweka alama tu," nikasema. "Nimeandika mimi. Herufi zinazofuata nane sikuzijua, nikaona aibu kuuliza. Na nikamsomea mama kwa mdomo wangu saa nane. Huyu mama amefuata maagizo kuliko mgonjwa yeyote aliyepita dirisha hili. Umesema hawafuati. Amefuata mpaka amemkondesha mwanawe."

Daktari akaichukua chupa. Akatazama saa ya mkononi, muda mrefu, kama mara ya kwanza anaiona. Alikuwa amekaa nchi hii miaka yote, anasema saa mbili na saa sita na boi wake kila siku, na aliposhika kalamu akaandika kama yuko kwao. Hilo sikumwambia. Hata mimi nina mwisho.

"Nini inafanyika sasa?" akauliza, na hakuniuliza mimi, alimwuliza mama.

Mama alikuwa bado anatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo si shetani," akasema.

"Si shetani, mama," Bwana Hamisi akamjibu. "Ni sisi."

Mama akauvuta mkono wa Nyamizi akamkalisha. "Basi nielezeni tena. Na mwalimu nani atamwambia?"

Daktari aliandika barua kwa mwalimu mwenyewe, akaomba mwezi mmoja. Akaamuru kwanza mtoto apumzike juma zima bila kidonge, ale, alale, uzito urudi. Kisha tukaanza upya. Lebo ya pili aliiandika Bwana Hamisi, na haikuwa na namba ya saa hata moja. Kimoja baada ya uji wa asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza ya shule. Nusu wakati wa mapumziko ya mchana, mkononi kwa mwalimu. Baada ya hapo hakuna. Ikisahauliwa ya asubuhi na mchana umefika, acha, ngoja kesho, usifidie. Mtoto mwingine wa nyumbani asionjeshwe, hata akitaka. Moyo ukimwenda mbio, akiona vitu visivyokuwepo, akianguka, usimpe tena, panda treni uje.

Kisha akamwambia mama, "Sasa mimi ndiye mama Nyamizi, mgeni, nimetoka Usoke. Wewe ndiye mtoa dawa. Nieleze."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza. Akaeleza yote. Alipofika kwenye uji aliongeza, "Na uji uwe mzito, maana mchana huyu hali." Bwana Hamisi akaliandika na hilo kwenye lebo. Lilikuwa kweli: mchana dawa ilimkata njaa, uji wa asubuhi na ugali wa jioni ndivyo vilivyomshikilia.

Mimi nilirudishwa kwenye ndoo. Masika yote, majivu na maji ya moto. Sikulalamika, na walionijua walidhani naumwa. Jioni, kazi ikiisha, Bwana Hamisi alinikalisha akanifundisha zile herufi ndogo, kumbe maana yake ni asubuhi, na nyingine zote ambazo madaktari huandika pembeni, na safari hii hakungoja niulize. Sikupewa kalamu mpaka nilipozisoma zote mbele ya Daktari.

Nyamizi hakugeuka malaika. Mwalimu aliandika kwamba sasa anakaa mpaka somo linaisha, mara nyingi, na anaposimama anarudi. Kila mwezi walikuja tukampima uzito na urefu na kumsikiliza moyo. Shule ikifungwa, Daktari alimwachisha dawa, apate kula na kukua. Nafasi yake hakupewa mtoto mwingine. Alimaliza darasa la nne. Baba yake alikuja siku moja na kibuyu cha asali kwa ajili ya Bwana Hamisi, akasema jembe bado lipo, halijakimbia. Kutoka kwa mzee yule hayo yalikuwa maneno mengi.

Kwa hiyo usiseme ilikuwa bahati. Kidonge kile kilikuwa na ubaya wake na wema wake, na kilichotenganisha viwili hivyo kilikuwa kazi: kupima, kufunga kabati, kulisha kwanza, kutaja muda kwa namna mwenye mtoto anavyouishi, na kukiri mapema pale mambo yanapoharibika. Tungenyamaza siku ile, mimi na Bwana Hamisi, faili lingefungwa, mama angebaki na shetani wake, mtoto angebaki na jembe, na hakuna ambaye angetujua. Lebo ingebanduliwa kwenye ndoo kama nyingine.

Umesimama dirishani miezi sita sasa, na usiniambie hujakosea; nimeziona lebo zako. Kosa lako la mwisho, ulimwambia nani?